Daktari Aongee na Mimi, Si na Aliyenisindikiza

Wiki iliyopita nilipokea barua kutoka hospitali niliyokuwa nikiidai haki yangu. Wamekubali: mgonjwa asiyeona atasomewa fomu ya ridhaa yote, faraghani, na akijua kusaini atasaini mwenyewe. Mimi ni wakili nisiyeona na nimeshinda kesi kubwa, lakini barua hii ya ukurasa mmoja naiweka juu ya ushindi wote.

Nilikuwa nimekwenda kufanyiwa upasuaji mdogo, mdogo wangu akanisindikiza. Daktari akamuuliza yeye: "Anaumwa wapi? Kuna dawa zinazomdhuru?" Na mimi nimekaa pale pale! Majibu ya vipimo vyangu, hata yale ambayo mtu hapendi mama yake ayajue, akasomewa mdogo wangu. Kisha muuguzi akanishika kidole gumba, akakichovya kwenye wino, kabla sijaambiwa karatasi inasema nini. Mkono huo huo unasaini nyaraka zinazopelekwa Mahakama Kuu. Bado inaniuma, na sioni haya kusema.

Nilirudi nyumbani nikaandika barua. Sikuomba huruma, nilitaja sheria: Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu ambao Tanzania iliuridhia 2009. Ibara ya 25 ya mkataba huo inataka watoa huduma za afya watuhudumie kwa ubora ule ule wanaopata wengine, na kwa ridhaa ya mgonjwa mwenyewe aliyeelezwa akaelewa. Wakakaa kimya. Nikaandika tena.

Wanafunzi wa sheria wasioona huniuliza nimefikaje hapa. Nimefika kwa kuandika. Chuoni tulipewa vitini vilivyopigwa picha, na programu yangu ya kusoma skrini, ile inayotamka maandishi ya kompyuta kwa sauti, haikuweza kusoma picha ya maneno. Wenzangu walinisomea usiku hosteli, Mungu awalipe, lakini huwezi kujenga uwakili kwa macho ya kuazima. Niliandika kwa uongozi nikidai maandishi halisi, nikayapata.

Leo programu ya kusoma skrini iitwayo NVDA inapatikana bure, itumieni. Ila msiache nukta nundu. Mahakamani huwezi kusikiliza kompyuta na shahidi kwa wakati mmoja. Vidole visome hoja zako, masikio yabaki kwa shahidi.

Na msikubali kufungiwa kwenye kesi za ulemavu peke yake. Zakeria Yacoob alipoteza uwezo wa kuona akiwa na miezi 16, akawa jaji wa Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini mwaka 1998, na mwaka 2000 ndiye aliyeandika hukumu ya Grootboom kuhusu haki ya makazi kwa maskini. Mimi nashughulikia ardhi na mikataba. Nikidai haki ya matibabu, wanajua anayedai ni wakili wanayekutana naye kortini, hawanipuuzi.

Kwa hiyo andikeni, ndugu zangu. Ukidharauliwa, andika. Wasipojibu, andika tena, na nakala peleka kwa mkubwa wao. Unapokwenda hospitali, mwambie mapema anayekusindikiza: akiulizwa kuhusu mwili wako, anyamaze, ujibu wewe. Fomu ambayo hujasomewa usiitie kidole wala saini. Isomwe yote, na aliyekusomea aandike jina lake, tarehe na saa.