Re: Kamanda rubani anaweza kuwaongoza mafundi?

Ndugu, umeuliza kwa nini marubani na mafundi wa jeshi la anga huvutana, na kama kamanda aliye rubani anaweza kuwaongoza wote. Anaweza, mradi asijifungie ofisini.

Mvutano mwingi huanzia kwenye kitabu cha ndege. Fundi hutia sahihi kwamba ndege iko sawa, rubani naye hutia yake kuipokea. Rubani akirudi na kuandika tu "redio mbovu", fundi atakesha akitafuta hitilafu asiyoelezwa, na asubuhi ataandika "haikuonekana". Lawama zinaanza hapo. Kamanda mzuri humtaka rubani aeleze: urefu gani, kasi gani, ilianza lini. Na fundi akisema ndege hairuki, basi hairuki, hata mwenye haraka akiwa kanali.

Sisi wa Nairobi tunakumbuka Agosti 1, 1982, askari wa jeshi la anga la Kenya walipojaribu kuipindua serikali. Kiongozi wao, Hezekiah Ochuka, hakuwa rubani, alikuwa askari wa cheo cha chini. Marubani wakalazimishwa kupaa na mabomu. Sababu zilikuwa nyingi, siasa hasa, lakini naamini maafisa waliowajua vijana wao wangesikia manung'uniko mapema.

Ukipewa kikosi, anza na zamu ya usiku kwenye hanga, banda ambamo mafundi hutengeneza ndege.