Swali la lugha: Je, kila namba witiri ni tasa? Na namba kubwa iandikwe vipi kwa maneno?

Swali: Mwanafunzi wangu aliitazama 2,147,483,647 ubaoni akasema ni "witiri, yaani tasa". Je, maneno hayo yana maana moja? Na namba hiyo huandikwaje kwa maneno?

Jibu: Hayana maana moja, ingawa namba hii inastahili yote mawili. Witiri ni namba ambayo ukiigawa kwa 2 hubaki 1, na kinyume chake ni shufwa. Tasa ni namba kubwa kuliko 1 ambayo haina vigawo isipokuwa 1 na yenyewe. Hivyo 9 ni witiri lakini si tasa, kwa kuwa 3 ni kigawo chake, na 2 ni shufwa iliyo tasa, tena ni ya pekee. Mwanafunzi wako aliujua uwitiri kwa tarakimu ya mwisho, 7, lakini utasa hauonekani kwa jicho. Namba hii, ambayo ni 2 kwa kipeo cha 31 ukitoa 1, iliwekwa na mtawa Mfaransa Marin Mersenne katika orodha yake ya mwaka 1644 ya namba za aina hiyo alizodai kuwa ni tasa, ila aliyethibitisha kuwa ni tasa ni mwanahisabati Mswisi Leonhard Euler, mnamo 1772. Ukiiongezea 1 unapata shufwa ambayo vigawo vyake vyote, ukiondoa 1, ni shufwa pia.

Kwa maneno, andika: bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, elfu mia nne themanini na tatu, mia sita arobaini na saba. Hapa msomaji hapotei, kwa sababu "mia sita" inayofuata inamlazimu kuihesabu "themanini na tatu" pamoja na maelfu.

Shida huja pale penye sifuri, na ningependa walimu walitilie mkazo jambo hili. "Elfu kumi na saba" inaweza kuwa 17,000, ambayo ni shufwa yenye vigawo vingi, au 10,007, ambayo ndiyo namba tasa ndogo kuliko zote zenye tarakimu tano. Maneno ni yaleyale, lakini mwanafunzi aliyeulizwa kama namba hiyo ni tasa atakuwa na majibu mawili yanayopingana, yote yakitokana na usomaji halali. Katika mazungumzo wengi huelewa 17,000, na matumizi hayo ni sanifu. Katika somo la hisabati, hata hivyo, naona ni salama zaidi kuandika "kumi na saba elfu" kwa 17,000, na "elfu kumi, na saba", pamoja na mkato wake, kwa 10,007. Anayesoma kwa sauti na atue kidogo penye mkato huo, na katika mtihani tarakimu ziandikwe kando ya maneno.