Kelele za upepo kwenye kioo cha pembeni: kwa nini simu haikuonyeshi unachosikia

Swali: Nikifika kilomita 120 kwa saa, nasikia mvumo unaochanganyika na mluzi upande wa kioo cha pembeni. Nilipima kwa programu ya simu, kwanza kioo kikiwa wazi, kisha kikiwa kimekunjwa. Tofauti ni desibeli 1 tu. Ina maana kioo hakihusiki? Na watengenezaji hukadiriaje kelele hizi kabla gari halijaundwa?

Jibu: Kinahusika. Sauti ndani ya gari ikishuka kwa desibeli 1, takriban asilimia 20 ya nishati yake yote imeondoka, ikiwemo hesabu ya matairi na injini. Hizo mbili hutawala sauti nzito. Kelele ya kioo husikika zaidi juu ya Hz 500 (Hz, yaani hezi, ni idadi ya mitetemo kwa sekunde), na sikio letu ni kali kati ya Hz 2,000 na 5,000. Kwa hiyo achana na namba ya jumla, fungua mchoro wa masafa, yaani unaoonyesha nguvu ya sauti kwa kila Hz. Tena kioo kilichokunjwa bado kimo kwenye upepo, na kuendesha hivyo ni hatari. Sisi wapimaji, kwenye handaki la upepo (chumba ambamo hewa hupulizwa juu ya gari lililosimama), tunakiondoa kabisa na kuziba mahali pake pawe laini.

Mluzi na mvumo ni kesi mbili. Tuanze na mluzi. Hewa ikipita kwenye kizuizi, masafa ya misukosuko inayoachwa nyuma ni kama 0.2 mara kasi, gawanya kwa upana wa kizuizi. Kilomita 120 kwa saa ni mita 33 kwa sekunde. Kasha linaloshikilia kioo, lenye upana wa sentimita 20, linatoa Hz 33, ambao hauwezi kuwa mluzi. Ili upate Hz 3,000 unahitaji kitu cha milimita 2 hivi: ukingo mwembamba, au mwanya kati ya kasha na mguu wake. Ziba mianya kwa tepu, mmoja baada ya mwingine, hadi mluzi ukatike.

Mvumo ndio mgumu, kwa sababu unapitia dirishani. Hewa iliyovurugwa na kioo pamoja na nguzo ya mbele (ile kati ya kioo cha mbele na mlango) hupiga dirisha kwa namna mbili kwa wakati mmoja. Kuna misukosuko inayosafiri na upepo: kwenye Hz 1,000 mawimbi yake yana urefu wa sentimita 2 hivi. Kuna pia sauti halisi, yenye wimbi la sentimita 34. Misukosuko ina nguvu kubwa zaidi sana, lakini mawimbi mafupi kiasi hicho hufutana yenyewe juu ya dirisha. Sauti, pamoja na udhaifu wake, hupenya vizuri, hasa karibu na Hz 3,000 kwa dirisha la unene wa milimita 4.

Ndiyo maana maikrofoni moja iliyobandikwa dirishani hudanganya: inasoma msukosuko, wakati dereva anasikia sauti. Tunapanga maikrofoni nyingi, zikiachana kwa chini ya nusu ya wimbi fupi zaidi tunalotaka kulitenganisha, yaani sentimita 1 hivi kwa Hz 1,000, kisha tunachambua kwa urefu wa mawimbi ili kutenga sauti na misukosuko.

Kabla gari halijaundwa, kelele hukadiriwa kwa kompyuta, nayo hukabiliwa na tatizo lilelile. Hesabu ya wastani wa mtiririko haitoshi. Lazima ufuate mabadiliko ya kila nukta ya wakati, ukiigawa hewa katika vyumba vidogo vya hesabu vya milimita chache kuanzia kwenye kioo hadi dirishani. Sauti inapatikana ama kwa kuhesabu mgandamizo wa hewa moja kwa moja, au kwa milinganyo ya Lighthill (1952) na Curle (1955), inayokokotoa sauti kutokana na mtiririko wa hewa. Halafu bado kuna mtikisiko wa dirisha na mwangwi wa ndani. Binafsi naiamini kompyuta zaidi inapolinganisha maumbo mawili ya kioo kuliko inaponipa desibeli kamili sikioni.

Kuna jaribio rahisi la kupima hesabu hizo za kompyuta: nguvu ya sauti inayozaliwa na kitu kama kioo hukua karibu na kipeo cha 6 cha kasi. Kutoka kilomita 100 hadi 120 kwa saa, tarajia ongezeko la desibeli 5 hivi kwenye masafa hayo. Nawe unaweza kulifanya hata kwa simu, barabara ikiwa ileile na upepo umetulia, mradi simu ishikwe na abiria.