Huombi ruhusa, unatoa taarifa

Wiki iliyopita binti mmoja wa Kilifi aliniandikia. Amemaliza kidato cha nne juzi tu, na yeye na wenzake kumi na wawili wanataka kuandamana kwa sababu ya vijana wanaozolewa na msako wa polisi kila wikendi mtaani kwao, wengine hawajafika hata miaka kumi na sita. Walipeleka barua kituoni. Askari wa zamu akaisoma amesimama, akawarudishia, akasema, "Hakuna ruhusa." Ujumbe wake uliishia hivi: "Dada, tumenyimwa. Sasa tufanyeje?"

Nimeusoma mara nyingi, kwa sababu binti yule ni mimi wa mwaka 2023.

Mwaka huo kijana wa mtaa wetu hapa Likoni alirudi nyumbani na mkono uliovunjika baada ya kulala selo siku tatu bila kuiona mahakama. Mamake huuza viazi karai mbele ya nyumba yetu. Jioni ile hakuwasha jiko. Mimi ndimi niliyesema tuandamane, na mimi ndimi niliyeandika barua. Nakala yake ninayo hadi leo, na mstari wa kwanza unasema: "Kwa heshima na taadhima, tunaomba ruhusa." Tulipoambiwa ruhusa hakuna, tukaamini. Watu thelathini na ushei walikuwa wanatungoja uwanjani wamevaa fulana nyeupe, nami nikasimama mbele yao nikawaambia tumenyimwa, turudini nyumbani. Yule mama hakuniuliza kitu. Alinitazama, akajifunga leso kiunoni, akaenda zake. Jicho lile sijalisahau, na wengi wa wale thelathini hawakuitika tena nilipowaita.

Miezi michache baadaye wakili mmoja anayejitolea alinikalisha chini na kunifungulia Katiba ya Kenya. Kifungu cha 37 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana, kugoma na kuwasilisha malalamiko kwa mamlaka za umma, kwa amani na bila silaha. Kisha akanionyesha Sheria ya Utulivu wa Umma, ile Sura ya 56. Inasema mwandalizi amwarifu mkuu wa kituo, yaani OCS, si chini ya siku tatu wala si zaidi ya siku kumi na nne kabla ya siku yenyewe. Aandike jina lake na anwani, tarehe, saa kati ya kumi na mbili asubuhi na kumi na mbili jioni, na mahali au njia mtakayopita. Kama kuna kundi jingine limetangulia kutoa taarifa ya mahali papo hapo kwa saa ile ile, OCS anakujulisha hivyo kwa maandishi. Nililisaka neno "ruhusa" katika sehemu ile, nikarudia mara tatu. Halimo. Nililia pale pale ofisini kwa wakili, nikikumbuka zile fulana nyeupe.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, mdogo wangu, ni huu: andika taarifa, toa nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kituo ibaki kwako. Wakikataa kugonga muhuri, andika jina la askari aliyeipokea, nambari yake, tarehe na saa. Usiondoke na mikono mitupu.

Halafu ikaja Juni 2024. Huna haja nikusimulie Mswada wa Fedha, sote tuliuishi: ushuru wa asilimia 16 kwa mkate, asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, na mengine ambayo tulitafsiriana sisi kwa sisi kwenye simu hadi usiku wa manane. Hapa Mombasa tulishuka Moi Avenue tumevaa nyeusi, wengine na makuti mabichi mkononi, vuvuzela na ngoma, mpaka chini ya zile sanamu kubwa za pembe za ndovu. Sijawahi kuupenda mji huu kama siku zile. Mabinti wa buibui walikuwa bega kwa bega na vijana wa tuktuk, na hakuna aliyemuuliza mwenzake kabila.

Tarehe 25 Juni wabunge waliupigia kura mswada ule, 195 wakaunga mkono, 106 wakapinga. Nairobi vijana waliingia Bungeni, na risasi zikawaua wenzetu. Siku iliyofuata Rais akasema hatautia sahihi. Watu walishangilia. Mimi sikuweza kushangilia, maana tarehe 25 ile ile nilikuwa nimekamatwa, nikatoka nikiwa mtu mwingine.

Kituo sitakitaja. Tulikuwa wanawake tisa katika selo moja, na sakafu ilikuwa na maji. Usiku, kama saa tatu hivi, nikasikia sauti ya mtoto upande wa wanaume. Alikuwa mvulana wa miaka kumi na tano, ametumwa dawa za nyanyake, akazolewa njiani pamoja na waandamanaji. Karatasi ya hospitali alikuwa bado ameishika, imelowa jasho hadi wino umechuja, na alikuwa anamwonyesha kila mtu anayepita. Hakuna aliyeitazama. Wala jina lake halikuwa kwenye OB, kitabu cha matukio cha kituo.

Mtu ambaye hayumo kwenye kitabu kile hayuko popote. Anaweza kuhamishwa, anaweza kupotea, na kesho utaambiwa hawajawahi kumwona. Nikashika nondo nikasema, "Afande, mwandike kwenye OB, na uandike umri wake." Akanipuuza. Nikarudia. Kifungu cha 53 kinasema mtoto asizuiliwe ila pale ambapo hakuna njia nyingine, na akizuiliwa awe mbali na watu wazima. Nilikisema kwa sauti. Wale wanawake wanane wakakipokea kama kiitikio: mwandike, mwandike, mwandike. Mpaka aliposhuka askari wa cheo cha juu na kalamu. Mvulana aliandikwa, akahamishwa, na saa saba usiku mjomba wake akaja kumchukua. Sisi tulitoka kwa dhamana kesho yake, kabla ya zile saa 24 ambazo Kifungu cha 49 kinaruhusu kumweka mtu bila kumpeleka mahakamani. Mambo mengi niliyoyafanya maishani naweza kuyajutia. Usiku ule siujutii.

Ushauri wa pili ni sawa na wa kwanza: andika, na uandikishe. Kabla ya kutoka nyumbani, andika nambari ya wakili kwa kalamu ya wino kwenye mkono, kwa sababu simu itachukuliwa. Ukikamatwa, uliza kosa lako ni nini, taja jina lako, dai nambari ya OB, halafu nyamaza. Una haki ya kunyamaza. Ukiumizwa, nenda hospitali siku hiyo hiyo na ujaziwe fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huandika majeraha yako.

Najua haya yanachosha. Mwezi Julai kundi letu lilikuwa na watu zaidi ya mia mbili, Oktoba tulibaki saba. Mwenzangu niliyemwona kama dada wa tumbo moja alipata kazi kwa mwanasiasa yule yule tuliyempinga, na tangu hapo hapokei simu yangu. Mtaani walisema tumelipwa na wazungu. Mama yangu mzazi alikaa wiki mbili hasemi nami zaidi ya salamu, na naogopa kwamba aliamini. Bado inaniuma. Na Desemba ya mwaka ule ule, baadhi ya yale tuliyoyakataa barabarani yakarudi kupitia sheria nyingine za kodi, na barabara ilikuwa tupu.

Ndiyo maana nawakasirikia wanaodhani maandamano ni siku moja ya picha. Ukitaka haki, keti nayo. Tazama Owino Uhuru, pale Mikindani, hapa hapa kwetu. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwamwagia watu sumu ya madini ya risasi. Phyllis Omido alikuwa ameajiriwa humo, mwanawe mchanga akaugua, akapimwa, ikaonekana risasi imemfikia kupitia maziwa ya mama. Aliandamana, akakamatwa, lakini hakuishia barabarani. Alisimamia watu wapimwe damu, matokeo yakawekwa kwenye karatasi. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama ikawapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaifuta, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi. Kelele peke yake zisingefika Mahakama ya Juu, na karatasi peke yake, bila wale kina mama barabarani, ingeoza kwenye droo.

Mimi sasa nina faili la kijani. Ndani yake mna kila taarifa tuliyowahi kutoa, kila muhuri, kila nambari ya OB, na orodha ya vijana wa mtaa wetu waliokamatwa tangu 2023, umri wao na siku waliyotoka. Mwezi uliopita ofisa mmoja alituambia hakuna mtoto aliyewahi kulazwa selo na watu wazima katika eneo lake. Nikafungua faili mbele yake, ukurasa kwa ukurasa. Mama wa viazi karai alikuwa ameketi kando yangu, na mwanawe yumo ukurasa wa kwanza.

Kwa hiyo, binti wa Kilifi, usirudi nyumbani kama nilivyorudi mimi. Rudini kituoni Jumatatu asubuhi, mwende watatu, asubiri mmoja nje na simu. Barua yako nimekutumia tena jana usiku. Imeandikwa vizuri, njia na saa zimo. Nimekata neno moja tu mwanzoni, "tunaomba", na juu yake nimeandika "tunakuarifu".