Siku ya kwanza uwanjani na pikipiki: isome kona kuanzia kwenye kutokea kwake

Mkuu, umeuliza mambo mawili: pikipiki yako ya barabarani ya cc 650 uiandae vipi kwa siku yako ya kwanza kwenye uwanja wa mbio, na kona zote zile utazikariri vipi bila kuwa kero kwa wanaokwenda kasi kuliko wewe. La kwanza nitalimaliza haraka, ni kazi ya spana. La pili ndilo linalowaangusha watu, na ndilo wanalolifanyia maandalizi kidogo kuliko yote.

Tairi zisiwe kipara wala kuukuu, pedi za breki ziwe na nyama ya kutosha, cheni isilegee wala isikaze kupita kiasi, na kila nati ipitiwe. Vioo vya pembeni vitoe. Taa zizibe kwa tepu ili zikivunjika vipande visitapakae njiani. Taa ya breki izime kabisa, maana anayekufuata akiiona ikiwaka atafunga breki kwa sababu tu wewe umefunga, na hiyo si sababu. Baadhi ya viwanja havitaki kulanti, yaani maji ya kupozea injini, yenye glaikoli kwenye rejeta, kwa kuwa ikimwagika kwenye lami inateleza sana. Uliza mapema kama watataka uweke maji matupu.

Mawili hayafai kupitiwa juu juu. Kwanza mafuta ya breki. Mafuta mapya ya DOT 4 hayachemki mpaka yafike angalau nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yananyonya unyevu wa hewa kadiri miezi inavyopita, na yakishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi kama nyuzi 155. Barabarani huenda usijue kamwe. Uwanjani, ambako unafunga breki kwa nguvu kila baada ya sekunde chache, mafuta ya zamani yanachemka, yanatoa mapovu, na wenzo wa breki unaingia hadi ukaribie kugusa mshikio. Badilisha mafuta wiki moja kabla. Ukilazimika kuchagua kati ya kununua tairi za mbio na kubadilisha mafuta ya breki, badilisha mafuta, na tairi nzuri za barabarani zitakutosha.

Pili, upepo wa tairi. Hewa ikipata joto shinikizo linapanda: tairi uliyoijaza psi 36 asubuhi kwenye nyuzi 20, ikifika nyuzi 60 itasoma psi 42 au 43. Tairi ngumu hivyo inagusa lami kwa eneo dogo. Ndiyo maana wengi hupunguza psi 3 hadi 5 kabla ya kipindi cha kwanza, wanapima tena papo hapo wakitoka, wanarekebisha. Muulize fundi wa tairi pale uwanjani au mwalimu wako kuhusu tairi zako hasa, na nenda na pampu na kipimo chako mwenyewe.

Mavazi: suti ya ngozi ya kipande kimoja, au vipande viwili vinavyofungwa kwa zipu kuzunguka kiuno chote, kinga ya mgongo, glavu zinazofunika kifundo cha mkono, buti zinazopanda juu ya kifundo cha mguu, helmeti inayofunika uso wote. Suti ijaribu ukiwa umekaa juu ya pikipiki, umeinama. Suti ya mbio ukisimama wima inakubana na kukuvuta mabega, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Sasa kona.

Watu wengi huanza kujifunza kona kwa kuuliza, "Nifunge breki wapi?" Mimi nakuomba uanzie upande wa pili. Jua kwanza kona inakutema wapi, yaani ni sehemu gani ya ukingo wa nje utakayoikaribia pikipiki ikiwa imeanza kusimama na wewe unaongeza mafuta. Ukishaijua sehemu hiyo, apeksi, yaani pale unapougusa ukingo wa ndani, inajionyesha yenyewe, kwa sababu ni lazima iwe mahali panapokuruhusu kutokea pale. Ukishaijua apeksi, unajua pa kuanzia kukata, yaani kuilaza pikipiki kuingia kona. Ukishajua pa kukata, unajua unatakiwa kufika pale na mwendo gani. Sehemu ya kufungia breki inakuja mwisho kabisa, nayo itabadilika kila unapozidi kuwa mwepesi. Anayeanzia kwenye breki anajenga juu ya kitu kinachohama.

Kuna faida nyingine. Kosa la mgeni karibu kila mara ni kukata mapema. Kona inatisha, mtu anataka imalizike, analaza pikipiki kabla ya wakati, anaugusa ukingo wa ndani mapema, kisha katikati ya kona anagundua kwamba njia bado inapinda na yeye anasukumwa nje. Ukiwa umeshapanda kichwani mahali pa kutokea, macho yako hayatakubali kukata mapema, kwa kuwa unapokata mapema pale pa kutokea hapaonekani. Subiri hatua moja zaidi kuliko moyo unavyotaka, kisha kata kwa uamuzi mmoja. Kumbuka kwamba pikipiki iliyo kwenye kasi inakata kulia ukisukuma mshikio wa kulia mbele, na kushoto ukisukuma wa kushoto. Sukuma, usivute, na usitegemee kuegemea kwa mwili peke yake.

Kabla ya siku yenyewe, tafuta ramani ya uwanja na video ya mtu aliyefunga kamera kwenye pikipiki. Tazama mara kadhaa, funga kila kitu, kisha chora uwanja kwa mkono kutoka kichwani. Pale kalamu inapositasita ndipo palipo na kona usiyoijua. Viwanja vingi vina kona kati ya 10 na 18, si mlima wa kupanda. Nordschleife ya Nürburgring kule Ujerumani, yenye kilomita karibu 21 na kona zaidi ya 70 ndiyo inayohitaji miaka. Usizikariri moja moja kama namba za simu. Zifunge katika mafungu matatu au manne: hizi mbili zinafuatana, hii inaingia kwenye njia ndefu iliyonyooka, hizi tatu ni nyoka mmoja. Ila video inadanganya katika jambo moja, inapiga pasi milima yote. Kona ya Corkscrew ya uwanja wa Laguna Seca kule California kwenye skrini ni kushoto na kulia tu. Kwa mwendeshaji, njia inatoweka mbele ya tairi kabla hajaona inakoangukia. Kwa hiyo wakiruhusu kutembea kwa miguu uwanjani, tembea, na kwenye kila kona simama, geuka, tazama ulikotoka.

Unapozunguka, kusanya alama zisizohama. Mwisho wa ukingo uliopakwa rangi, kiraka cha lami nyeusi, ufa, kibanda cha mwenye bendera. Kivuli si alama, saa nane kitakuwa kwingine. Gari lililoegeshwa si alama. Waandaaji wengi huweka koni kwenye sehemu za kukatia na kwenye apeksi, na mwanzoni zinasaidia sana, lakini tafuta kitu cha kudumu pembeni ya kila koni, kwa kuwa koni inaweza kugongwa ikasogea.

Nikupe mfano wa karibu. Kwenye uwanja ninaokwenda mara nyingi kuna kona ya kulia inayoanza juu ya kilima na kumalizikia kwenye mteremko. Ukiwa unapanda huoni kitu zaidi ya anga. Upande wa kushoto wa njia, kabla tu ya kilele, lami ya zamani inakutana na lami mpya, na mshono wake unausikia kama mguso mdogo kwenye kiti. Nikiusikia mguso ule, kichwa changu kinakuwa kimeshageukia kulia, nasukuma mshikio, na pikipiki inapovuka kilele, ukingo wa ndani unatokea mbele ya goti langu. Sehemu yenyewe ya kutokea ni pale rangi nyekundu ya ukingo wa nje imechubuka, matofali mawili hivi yamebaki ya kijivu. Nilipofika pale mara ya kwanza nilikwenda polepole sana, na nilichokitafuta ni yale matofali tu. Mshono niliugundua baadaye.

Zoezi lililonisaidia kuliko yote mwalimu alinipa kwenye kipindi cha mwanzo: weka gia ya tatu au ya nne, usibadilishe, na usitumie breki ila kwa usalama. Mwendo unaudhibiti kwa mafuta peke yake. Inaonekana kazi ya kitoto, lakini mikono na miguu ikikosa cha kufanya, akili yote inabaki kwa macho na mstari. Ukifunga mafuta mapema mno unafika kwenye kona umelala usingizi, ukichelewa unaijua mara moja. Baada ya mizunguko michache unaanza kujua kila kona inataka mwendo gani, bila breki kukuficha ukweli.

Na mwendo huo si jambo la kubahatisha. Kwa hesabu ya darasani, kona yenye nusu kipenyo cha mita 50 ukiipita kwa kilomita 60 kwa saa pikipiki inalala kama nyuzi 30. Kwa kilomita 80 inalala nyuzi 45. Tofauti ni kilomita 20 tu, lakini ni tofauti kati ya mgeni aliyetulia na mtu aliye karibu na ukomo wa tairi za barabarani. Kwa hiyo ingia polepole kuliko unavyoweza, fungua mafuta taratibu mara tu unapoona kutokea, na usifunge ghafla katikati, maana uzito unahamia tairi ya mbele na mstari unavurugika. Ukijikuta umeingia kwa kasi iliyokuzidi, geuza kichwa kwenye kutokea na laza zaidi. Karibu kila mara pikipiki bado ina ulalo wa ziada ambao wewe hujautumia. Ukitazama majani, utakwenda kwenye majani.

Ikishindikana kabisa, simamisha pikipiki wima, toka nje ya lami ukiwa umenyooka, achia breki ya mbele, acha nyasi au changarawe zikupunguze mwendo. Usirudi mpaka mwenye bendera akuruhusu.

Kona hazina thamani sawa. Ile inayoingia kwenye njia ndefu kuliko zote ndiyo ya kuifanyia kazi kwanza, kwa sababu kilomita 5 kwa saa unazozipata kwenye kutokea unakwenda nazo mpaka mwisho wa njia hiyo. Kwenye kona zinazofuatana, toa sadaka ya kwanza ili uipate ya mwisho. Kona inayozidi kubana kadiri unavyoingia inataka subira ndefu zaidi, ikate kwa kuchelewa hata ukihisi umepitiliza.

Mikono. Ukitoka kipindi cha kwanza na misuli ya chini ya kiwiko imekaza kama kamba, umekuwa ukiushika usukani kwa hofu. Bana tangi kwa magoti, mguu wa nje ya kona ukandamize, mikono ibaki milegevu kama ya mtu aliyeshika yai. Pikipiki inajua kujiweka sawa, inataka nafasi tu.

Kuhusu kuwa kero: hutakuwa. Utawekwa kundi la wageni, na anayepita ndiye mwenye jukumu la kupita salama. Wewe shika mstari wako, usigeuke nyuma, usisogee pembeni kumpisha mtu. Kusogea kusikotarajiwa ndiko kunakogonganisha. Ukitaka kutoka kwenda piti, yaani sehemu ya pembeni wanakosimama waendeshaji na mafundi, inua mkono mapema au nyoosha mguu. Sikiliza maelezo ya bendera asubuhi, hata kama unadhani unazijua, kwa sababu kila uwanja una taratibu zake. Kwa kawaida njano ni kupunguza na kutopita mtu, nyekundu kipindi kimesimamishwa, rudi piti kwa utulivu, nyeusi ni wewe unaitwa, na ile ya viboksi vyeusi na vyeupe kipindi kimekwisha.

Vipindi mara nyingi ni vya dakika 15 hadi 20. Baada ya kila kimoja kunywa maji, kaa kivulini, chukua ule mchoro wako na weka alama kwenye kona moja tu unayoiona kwa ukungu. Hiyo ndiyo kazi ya kipindi kinachofuata, moja, si nne. Breki ngumu ziache mpaka alasiri, na uchovu ukiingia ruka kipindi cha mwisho, hata kama umelipia. Nimeona watu wengi wakianguka katika kipindi hicho, mistari wameshaijua lakini mwili umeishiwa.

Na kama unarudi nyumbani na pikipiki hiyohiyo, kabla ya kutoka getini rudisha upepo wa tairi kwenye kiwango cha barabarani zikiwa zimepoa, rudisha vioo, toa tepu kwenye taa, unganisha taa ya breki na umwombe mtu asimame nyuma akuthibitishie inawaka. Kisha kaa nusu saa. Macho yakishazoea kasi ya uwanjani, kilomita 100 kwa saa barabarani zinaonekana kama kutembea, na huko barabarani kuna malori.