Hukumu ngeni au hukumu ya kigeni?

Swali, msomaji wa Sinza: "Shikamoo mwalimu. Naandika makala kuhusu Uingereza na ule mkataba wa Hague wa hukumu, wa nchi kutambua hukumu za mahakama za wenzao. Nimeandika 'hukumu ngeni', wakili mmoja kanicheka eti inaitwa 'hukumu ya nje'. Nani kapatia? Na hii 'kukaza hukumu' maana yake nini hasa?"

Marahaba. Wakili kakaribia, wewe umepotea kabisa, pole. "Ngeni" inasema kitu hujakizoea: jambo geni, sura ngeni mtaani. Kwahiyo hukumu ngeni inaweza ikatoka hapo hapo mahakama ya Kisutu, hakimu kaamua kitu ambacho hakuna aliyewahi kukisikia. "Ya kigeni" ndo inasema ilikotoka, kama fedha za kigeni, yaani dola hata ulale nazo chini ya godoro miaka kumi ukazizoea kama shati lako bado ni fedha za kigeni. "Ya nje" ya wakili inaeleweka, ila hapa mjini ukisema kesi imeishia nje watu wanajua mmekaa na wazee mkapatana. Ukitaka usalama andika "hukumu ya mahakama ya nje ya nchi", ndefu ila haina utata.

Kukaza ni kaza ile ile ya kamba na nati, na mi naipenda sana. Hukumu ikishasomwa bado imelegea, mdaiwa anaendelea kupita Kariakoo na gari lake lile lile, mpaka mshindi arudi kuomba kukaza hukumu, ndo dalali wa mahakama anagonga geti kukamata mali.

Ila ya kigeni haikazwi tu hivi hivi. Kwenye sheria yetu Tanzania ya hukumu za kigeni, Sura ya 8, kwa zile nchi za nipe nikupe, yaani wewe utambue zangu na mimi nitambue zako, unaanza na kusajili Mahakama Kuu, ikishasajiliwa ndo inakazwa kama ya hapa hapa. Ukiandika "hukumu ya London yakazwa Dar" hakikisha kwanza imesajiliwa.

Alafu umeandika Uingereza "ilisaini 2025". Hapana bana. Mkataba ni wa 2019, wao wamesaini Januari 2024, wakaridhia Juni 2024, kwao ukaanza kutumika 1 Julai 2025. Vitenzi vitatu, tarehe tatu. Kusaini ni kuonesha nia, kuridhia ndo nchi inakubali kufungwa, na hata hapo kuna kusubiri. Wala usiseme unagusa kesi zote, ni zile zilizofunguliwa mkataba ukiwa tayari unafanya kazi kati ya nchi zote mbili, na ndoa na mirathi hazimo.

Lingine, anayedaiwa kwenye kesi ya madai ni mdaiwa. Mshtakiwa ni wa jinai, na wewe umemwita hivo mara nne, mwenyewe akisoma atakufungulia kesi.