Uvimbe unaodunda kiganjani: msipasue wala kuchoma sindano

Mkuu, umesema kijana wako wa gereji hapo Unga Limited, Arusha, ana uvimbe kwenye kitako cha kiganja, upande wa kidole kidogo, wenzake wanauita jipu na tayari kuna mtu kajitolea kulipasua. Mzuie. Mwambie aweke kidole juu ya uvimbe bila kukandamiza. Ukidunda pamoja na mapigo ya moyo, hiyo ni ateri (mshipa unaoleta damu kutoka moyoni) iliyotanuka, madaktari wanaiita aneurisimu, na wembe ukiingia pale itaruka damu, siyo usaha. Hata usipodunda bado asiguswe, maana damu ikiganda ndani uvimbe hunyamaza.

Mimi ni fundi wa magari Moshi, na mkono wangu wa kulia umeshapasuliwa kwa ugonjwa huohuo. Kazi yetu unaijua. Nati ikigoma, unaipiga spana kwa kitako cha kiganja mpaka ilegee. Sasa pale ndipo ateri ya alna, ile ya upande wa kidole kidogo, inapopita karibu kabisa na ngozi, na chini yake kuna kamfupa kenye ncha kama ndoano. Kila ukipiga, ateri inabanwa kwenye mfupa ule. Miaka ikienda, ukuta wake unachoka na kuvimba. Maseremala nao wamo.

Kilichonipeleka hospitali hata hakikuwa uvimbe. Asubuhi za Julai kidole cha pete na kidogo vilikuwa vinageuka vyeupe na kufa ganzi, watu wakasema baridi ya mlima. Baridi gani inachagua mkono mmoja? Vipande vya damu iliyoganda vilikuwa vinachomoka kwenye uvimbe na kwenda kuziba vimishipa vya vidole. Hilo naliogopa kuliko uvimbe kupasuka, kwa sababu kidole kinaweza kuoza.

Daktari bingwa alianza na kipimo kisichohitaji mashine, kinachoitwa kwa jina la Edgar Allen, Mmarekani aliyekieleza mwaka 1929. Unakunja ngumi, anabana ateri zote mbili za kifundo cha mkono, unafungua kiganja kikiwa kimepauka, kisha anaachia moja. Rangi ikirudi ndani ya sekunde chache, ateri hiyo inapitisha damu. Anarudia kwa ya pili. Baadaye ikafuata ultrasaundi ya dopla, inayoonyesha damu inavyozunguka ndani ya uvimbe, halafu CT ya mishipa, yaani picha za eksirei za kompyuta baada ya kudungwa dawa inayofanya mishipa ionekane, ili ajue palipoziba ni wapi.

Msikilize daktari vizuri kwenye kile kipimo cha kwanza, maana matibabu yanategemea jibu lake. Ateri ya upande wa dole gumba ikiweza kulisha mkono mzima, wanaweza kukata uvimbe na kufunga ncha mbili, basi. Isipoweza, wanachukua kipande cha vena (mshipa unaorudisha damu moyoni), cha mkononi au mguuni, na kuunga pengo. Mimi niliungwa. Ateri ikiwa imeshaziba yenyewe na vidole bado vina afya, mara nyingi hawapasui: aspirini, pengine nifedipini ya kutanua mishipa, kuacha kugonga kwa kiganja, na kuacha sigara. (Hiyo sigara ilinitesa kuliko kidonda.)

Kama aliwahi kuchomwa na kioo au bisibisi pale, aseme mapema. Hapo huenda ukuta wa ateri ulitoboka na damu ikajijengea mfuko pembeni. Huo nao mara nyingi ni wa kupasuliwa, ila na daktari mwenye vipimo mkononi, kwa sababu neva (mshipa wa fahamu) ya vidole hivyohivyo imelala ubavuni mwa ateri.

Aanzie hospitali ya mkoa, aombe rufaa ya KCMC, hospitali kubwa ya rufaa huku Moshi. Wakati anasubiri, mnunulie nyundo ya mpira. Na kidole kikigeuka ghafla cheupe au bluu kwa maumivu makali, msingoje tarehe ya kliniki, mpelekeni dharura usiku huohuo.